Muulize Mjomba: Nimealikwa kupanda kilima Uingereza

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa mstari mmoja tu, kwamba nilipokuwa masomoni kaskazini mwa Uingereza niliwahi kupotea juu ya kilima kiitwacho Pendle. Barua zikaanza kuja. Nimechukua tatu. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe anapanda mwezi huu huu, na sitaki yampate yaliyonipata mimi.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Shangani, Mtwara, nina miaka 24. Tangu Septemba nipo Lancaster nasoma shahada ya uzamili. Wenzangu wa darasani wamenialika Jumamosi ya mwisho ya Novemba twende tukapande hiyo hiyo Pendle uliyoitaja. Nimeona picha zake: ni kilima cha majani tu, kimejinyoosha kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, hakina hata mti. Nimekulia ufukweni, sijawahi kupanda kitu kirefu zaidi ya ngazi za ghorofa. Nitaweza? Nivae nini? Mama nilipompigia alisema mtu mzima hapandi mlima bila shughuli. Mdogo wangu naye amesoma kwamba ni kilima cha wachawi. Nimebaki na wasiwasi. – Binti wa Shangani

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Nenda. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitakayosema baadaye yanaweza kukutisha, na nia yangu si kukutisha.

Kwa kipimo, Pendle ina mita 557. Waingereza wengi huita mlima kile kilichofika futi 2,000, yaani kama mita 610, kwa hiyo Pendle imepungukiwa kidogo tu na inabaki kuwa kilima. Mji mzima wa Newala, pamoja na soko lake na watoto wake wanaokwenda shule asubuhi, umekaa juu kuliko kilele hicho. Na mimi nilipoiona namba hiyo mwaka 1998 nilifanya hesabu hiyo hiyo kichwani, nikasema haya ni matembezi ya jioni. Ilikuwa Novemba kama hii yako. Nilivaa jinzi, fulana ya pamba, sweta moja na raba. Nikashuka Barley, kijiji kidogo kilicho miguuni mwa kilima, saa 7 mchana.

Njia inaanza kwa upole. Unafuata kijito, unapita mashamba ya malisho, unavuka mageti, mpaka nyumba ya mwisho ya shamba. Hapo kilima kinasimama mbele yako kama ukuta, na ngazi za mawe zinakwea ubavuni kwa mshazari. Hapo utahema, na usione haya kusimama. Geuka nyuma utazame: kijiji kimekuwa kidogo, bwawa la maji linang'aa, kuta za mawe zimechora malisho kama mkeka. Mapaja yatawaka moto. Hilo halina hatari yoyote. Mtu wa ufukweni mwenye miaka 24 anaweza, akienda taratibu.

Hatari ipo baada ya ngazi. Juu pale hakuna ncha, pana uwanda mpana wa majani, na kila upande unafanana na mwenzake. Mawingu yanatoka Bahari ya Ireland upande wa magharibi, yanakuta kilima njiani, yanalazimika kupanda, yanapoa na kugeuka ukungu na mvua. Wenyeji wana msemo: ukiiona Pendle, mvua inakuja, usipoiona, inanyesha tayari. Mimi nilifika juu kukiwa kweupe. Nikakaa, nikapiga picha mbili. Nilipoinuka, wingu lilikuwa limefika. Halikuja kama mvua yetu ya masika unayoisikia ikikimbia juu ya mabati kutoka mtaa wa pili. Lilikuja kimya, na baada ya dakika kumi sikuona zaidi ya hatua ishirini mbele.

Nikatafuta njia ya kurudi, nikafuata vijia vya kondoo nikidhani ni vya watu. Majani ya juu huota kwa mafundo, kila fundo limeinuka kama kichuguu, na kati ya fundo na fundo kuna maji. Mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Sisi tunajua tope la bonde la mpunga, la vuguvugu, lenye harufu ya samaki. Lile ni jeusi kama masizi ya sufuria na baridi yake inauma mfupa. Ni majani yaliyokufa yakarundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, kwa sababu maji hayaondoki. Nilipouvuta mguu, raba ilibaki chini. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kuitafuta, nikaipata, na vidole vikawa havina nguvu ya kufunga kamba.

Huko ndiko alikonikuta mama mmoja wa makamo akiwa na mbwa wake. Aliniuliza naelekea wapi. Nilijua jibu, lakini maneno yalitoka mazito kama ya mtu aliyelewa. Mdomo ulikuwa hautii. Hakuniuliza tena. Alinikalisha nyuma ya ukuta wa mawe, akanivua sweta lililolowa, akanivalisha lake la akiba, akanipa chai tamu kutoka kwenye chupa yake na kipande cha keki, akasimama mbele yangu kukinga upepo mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza kama najua leo jua linazama saa ngapi. Mpwa wangu, mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Niliwafundisha watoto wa Lindi kuinama kwa mhimili wa dunia kwa tufe la plastiki miaka sita. Na sikujua jua linazama saa ngapi mahali niliposimama.

Basi jambo la kwanza ni hilo. Mwisho wa Novemba huko jua linachomoza karibu na saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Una saa nane za mwanga, na zote si za kupanda. Kwetu maghribi haihami sana mwaka mzima, ndiyo maana miili yetu haina hofu ya saa 8 mchana. Kuanzia leo iogope. Waambie wenzako muanze kupanda saa 4 asubuhi, na saa 8 mchana muwe mmeshaanza kushuka, hata kama kilele hamjakifikia. Kama unaswali, adhuhuri, alasiri na maghribi zimebanana sana majira hayo. Tazama nyakati kabla ya kutoka, na ujue utaswalia wapi. Siku ya kweupe nimewahi kuswali pale juu, juu ya koti, na sijapata kuona mahali patulivu vile.

Iko kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892, ambayo wapandaji wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Barley hadi juu ni kama kilomita 3 na mita 300 na ushei za kupanda, kwa hiyo kanuni itakupa kama saa 1 na dakika 10. Wewe weka saa 2. Naismith hakutokea Shangani.

Mavazi: jinzi iache hosteli. Pamba ikilowa haikauki mwilini, inakushika na upepo unamaliza joto lako lote. Joto lenyewe halipungui sana ukipanda, ni kama nyuzi 1 kwa kila mita 150, yaani pale juu na kijijini mnapishana nyuzi mbili hivi. Kinachoua ni upepo juu ya nguo mbichi. Vaa nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito, halafu koti la mvua, na suruali ya mvua pia, maana maji ya kotini hutiririkia mapajani. Kama unavaa hijabu, vaa ile ya kuvuta inayobana, na kofia ya sufu juu yake. Mtandio utakupigapiga usoni mpaka ukasirike. Glovu jozi mbili. Buti zenye meno chini na zinazoshika kifundo cha mguu, nazo zivae wiki nzima kwenda darasani kabla ya siku yenyewe. Usiogope bei: huko nako mitumba ipo, kwenye maduka ya hisani, na buti nzuri nyingi zimevaliwa mara mbili tu zikaachwa.

Mkobani weka tochi ya kichwani, filimbi, chupa ya chai, na chakula kuliko unachodhani utakula. Korosho ulizobeba nyumbani usizimalize chumbani. Konzi mbili za korosho zinakufikisha mbali kuliko biskuti. Simu iwe imejaa chaji na uiweke karibu na mwili, kwa sababu baridi inamaliza betri. Mkipatwa na jambo, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea, hawalipwi, wanaacha kazi zao na chakula chao mezani kukutafuta. Simu ikikosa mtandao, filimbi: pigo sita ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, rudia tena. Na mwenzako akianza kujikwaa, kunung'unika na kusema ovyo, usimwache aseme yuko sawa. Mimi nilisema niko sawa.

Sasa la mama yako, maana limenigusa. Wapo waliopanda Pendle kwa shughuli. Mwaka 1652 alipanda George Fox, akashuka na maono yaliyozaa jamii ya Quaker, wale ambao majirani zetu Kenya wanawaita Kanisa la Marafiki. Mwaka 1661 Richard Towneley na Henry Power walipanda na bomba la zebaki kupima mgandamizo wa hewa chini na juu, na kazi yao ikamfikia mwanasayansi Robert Boyle. Ile kanuni ya Boyle mliyokariri sekondari ina jasho la Pendle ndani yake. Lakini najua mama yako hakuwa na maana hiyo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Newala. Juu ya uwanda wa Makonde mvua inanyesha na mchanga unainywa yote; hakuna mto, hakuna chemchemi. Kabla ya mradi wa maji kufika, wanawake walishuka genge usiku kwenda bondeni, wakangoja zamu kisimani, wakapanda tena alfajiri na mtungi kichwani. Bibi alinisimulia akinionyesha magoti yake, makubwa kuliko mapaja. Kwake kupanda ilikuwa maji, na ukianguka umerudi mwanzo. Mtu aliyelelewa na wanawake hao hawezi kuelewa kirahisi kwa nini upande kilima, utazame, ushuke mikono mitupu. Niko pamoja na mama yako katika hilo. Lakini siku ya pili niliyopanda Pendle, safari hii nikiwa na buti na yule mama mwenye mbwa, nilisimama katikati ya zile ngazi nikihema, na nikamkumbuka bibi kwa namna ambayo sikuwahi kumkumbuka nikiwa nimekaa. Kila ngazi nilimwongezea mtungi. Mwambie mama: Mjomba anasema shughuli ipo, utaijua ukifika katikati.

Na wachawi. Mdogo wako amesoma kweli, na hata vibao vya njia pale vina mchoro wa mchawi kwenye ufagio. Ila ajue kisa chenyewe. Machi 1612 msichana mmoja maskini, Alizon Device, alimwomba pini mchuuzi wa njiani aitwaye John Law. Machinga, kwa lugha yetu ya huku Kusini. Akanyimwa. Muda mfupi baadaye yule mchuuzi akaanguka, upande mmoja ukapooza. Leo muuguzi yeyote wa zahanati angesema ni kiharusi. Wakati ule walisema ni uchawi, jirani akamtaja jirani, mtoto wa miaka kama tisa akasimamishwa kutoa ushahidi dhidi ya mama yake mzazi, na Agosti watu kumi wakanyongwa hapo hapo Lancaster unapoishi. Wengi walikuwa wanawake, na maskini. Usipande ukiwaogopa. Mimi nikipita vile vibao nasikia uchungu, kwa sababu hata katika nchi yetu nimeona bibi kizee akinyooshewa kidole kwa macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni.

Jina la kilima nalo nalipenda, nikuachie la kuzungumza njiani. "Pen" ni kilima kwa lugha ya wenyeji wa kale. Waliokuja baadaye hawakujua, wakaongeza neno lao la kilima, ikawa Pendle. Waliofuata wakasahau tena, wakaongeza "Hill". Kwa hiyo ni Kilima Kilima Kilima. Waambie wenzako kwetu Lindi tuna Kilima cha Tendaguru, kule walikochimbwa mijusi wakubwa wa kale kuanzia 1909, na kwa Kimwera tendaguru ni kilima chenye mwinuko mkali. Hatujapishana.

SWALI: Mjomba, kijana wangu anafanya kazi Leeds na kila wiki anatuma picha anakatiza mashamba ya watu, katikati ya kondoo wao. Hapa Nachingwea ukikatiza shamba la mtu na mikorosho imezaa utaulizwa. Hawamfukuzi? – Baba yake

JIBU: Hawamfukuzi, ndugu yangu, mradi afuate utaratibu. England kuna njia za miguu zinazopita ndani ya ardhi za watu na zinalindwa na sheria. Mwenye shamba haruhusiwi kuzifunga. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu haki ya kutembea kwa miguu kwenye maeneo ya milima na nyika yaliyochorwa kwenye ramani, hata nje ya njia.

Haikutolewa bure. Milima mingi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi vijana wafanyakazi kutoka Manchester na viunga vyake, walipanda mlima wa Kinder Scout kwa makusudi wakijua wamekatazwa. Watano walifungwa jela. Watu waliokuwa viwandani wiki nzima walitaka Jumapili moja ya hewa safi, na nadhani hilo hata mkulima wa Nachingwea analielewa.

Mwambie kijana geti aliache alivyolikuta: kama lilikuwa wazi liwe wazi, kama lilifungwa alifunge. Ukuta wa mawe asiupande, haujashikwa na saruji, jiwe moja likitoka hufuatwa na mengine. Atafute ngazi ya kuvukia. Majira ya kondoo kuzaa, Machi hadi Mei, apite mbali nao. Na akipata rafiki mwenye mbwa, mbwa huyo awe kwenye kamba.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Juu ya vilima vya Uingereza naona kwenye picha nguzo nyeupe ya zege, watu wanaikumbatia. Ni kaburi la chifu? – Kidato cha Tatu, Masasi

JIBU: Marahaba. Si kaburi. Ni nguzo ya wapima ramani, binamu ya zile bikoni za zege unazoziona kwenye viwanja na vilima vya kwenu. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1936. Mpimaji aliweka chombo chake juu ya nguzo, akalenga nguzo nyingine mbili kwenye vilima vya mbali, akapima pembe. Ukijua urefu wa upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, pande zilizobaki unazipata kwa hesabu bila kuzikanyaga. Nchi nzima ilishonwa kwa pembetatu namna hiyo. Siku hizi setilaiti zinafanya kazi hiyo, nguzo zimebaki, na watu wanaziparamia kupiga picha.

Pendle inayo, imesimama pale panapoinuka kuliko pote. Kwenye ramani alama yake ni pembetatu ndogo yenye nukta katikati. Hili nalirudisha kwako, Binti wa Shangani: wingu likishuka mkiwa karibu nayo, msikimbilie kutafuta njia. Rudini kwenye nguzo kwanza, muipe mgongo, mtoe ramani na dira, mjue mnaelekea upande gani, ndipo mpige hatua. Mimi nilikuwa mita chache tu kutoka hapo nilipoanza kufuata kondoo.